Kulabu kwenye Kijiko cha Trekta: Uzito Unabebwa na Nini Hasa?

Kazi yenyewe huchukua nusu siku. Trekta lenye kijiko mbele huingia karakana, mwenye mali huonyesha mahali kwa kidole, fundi hupitisha grinda kuondoa rangi, huchomelea kulabu mbili au tatu, na jioni trekta hilohilo linanyanyua injini ya lori, pipa la dizeli, gogo la mkaratusi au mfuko mkubwa wa mbolea wa tani nzima. Kabla ya kulipa, mwenye trekta huuliza jambo moja: "Fundi, itashika?" Fundi anayeijua kazi yake hujibu kwamba itashika, na aghalabu anasema kweli.

Tatizo liko kwenye swali. Kulabu nzuri iliyochomelewa vizuri ina nguvu kulishinda trekta linaloibeba. Kinachoshindwa mapema ni kile kilicho nyuma yake na chini yake: mdomo wa kijiko, mikono, pini, ekseli ya mbele, matairi, na hatimaye mizani ya trekta zima. Ninaunga mkono kuweka kulabu kwenye kijiko, kwa sababu bila hizo kazi nyingi shambani hufanywa kwa migongo ya vijana. Lakini anayezitaka aanze hesabu yake ardhini, apande juu, na aifikie kulabu mwisho.

Haja yenyewe ni ya kweli. Kreni iko mjini, na kuileta shambani kwa ajili ya kutoa pampu moja kisimani ni gharama isiyoingia akilini. Kijiko kiliundwa kuchota: samadi, mchanga, kokoto, mahindi. Hakina mahali pa kufunga. Kwa hiyo watu hukizungushia mnyororo, ukapita juu ya mgongo, ukatokea kwenye makali ya chini, ukakunjwa palepale palipo na ncha kali kuliko zote. Pete ya mnyororo imeundwa kuvutwa kwa urefu wake. Ikilazimishwa kupinda juu ya ukingo wa chuma, hupoteza sehemu kubwa ya nguvu bila kuonyesha dalili yoyote. Tena mnyororo uliozungushwa hivyo huteleza. Mzigo ukiyumba, mnyororo unakimbilia upande mmoja wa kijiko, na trekta linajikuta limebeba uzito wote kwa mkono mmoja. Kulabu iliyowekwa mahali pake huondoa makosa hayo yote mawili, na hiyo peke yake ni sababu ya kutosha ya kuwaita mafundi.

Tuipime kulabu yenyewe, tuone kwa nini si yenyewe ya kuhofiwa. Mnyororo wa kunyanyulia wa daraja la 80 wenye unene wa milimita 10 umepewa kikomo cha kazi cha tani 3.15, na ule wa milimita 8 tani 2. Kikomo hicho ni robo tu ya nguvu inayotakiwa kuukata. Kulabu zinazotengenezwa kwa ajili ya minyororo hiyo hulingana nayo. Sasa tazama mshono. Mshono wa pembe wenye upana wa milimita 6, ukiwa na urefu wa milimita 100 kila upande wa kulabu, una chuma kinachobeba cha takriban milimita za mraba 840. Hata ukiuruhusu mkazo wa niutoni 100 tu kwa kila milimita ya mraba, unabeba zaidi ya tani 8. Kipakiaji cha trekta la kawaida la shambani, la nguvu farasi 50 hadi 75, mara nyingi hunyanyua tani moja na ushei. Pengo kati ya kulabu na trekta ni kubwa mno, na ndani ya pengo hilo ndimo hatari ilimojificha: mambo yakiharibika, kulabu haitaachia. Itashika mpaka trekta lilale.

Hata hivyo, hesabu hiyo ina masharti, na masharti yake hukiukwa kila siku. La kwanza ni mnyororo wenyewe. Sokoni kuna minyororo inayouzwa kwa mita bila alama yoyote, na kuna ile ya daraja la 70, ambayo watengenezaji wake wameikusudia kufungia mizigo juu ya malori. Ya 70 ina nguvu ya kuvutia, lakini kwa kunyanyua mzigo hewani watengenezaji hao hao huelekeza aloi ya daraja la 80 au 100. Alama hugongwa kwenye pete kila baada ya urefu fulani, namba 8 au 80 au 10. Mnyororo usio na alama ni wa kuburutia, basi. Na wenye alama nao hustaafu: pete ikiliwa ikapungua unene kwa asilimia 10, mnyororo huo umemaliza kazi ya kunyanyua, hata kama unang'aa.

Sharti la pili ni pembe. Watu hupenda kulabu mbili za pembeni, kisha hukutanisha minyororo miwili kwenye mzigo ulio katikati. Miguu hiyo miwili ikiwa imesimama, kila mmoja hubeba nusu. Ikilala hadi nyuzi 60 kutoka ulalo wa ardhi, kila mmoja hubeba asilimia 58 ya mzigo. Kwenye nyuzi 45, asilimia 71. Na kwenye nyuzi 30, kila mguu hubeba uzito mzima, kana kwamba mwenzake hayupo. Kibaya zaidi kwa habari yetu ni kwamba kwenye nyuzi 30 kila kulabu inavutwa kwa ubavu, kuelekea katikati, kwa nguvu ya asilimia 87 ya mzigo. Kulabu na mshono wake hupangwa kwa mvuto wa chini, si wa ubavuni. Hapo ndipo mshono ulioonekana kuwa na tani 8 unapoanza kung'olewa kutoka ncha moja. Kwa mzigo wenye pointi moja ya kushikia, tumia kulabu ya katikati. Zile za pembeni ni za mizigo mirefu, kama bomba au mlingoti, ambapo kila mnyororo unaning'inia wima juu ya sehemu yake. Na kamwe usibebe kwa kulabu moja ya pembeni, kwa sababu mikono ya kipakiaji itajipinda na silinda moja itafanya kazi ya mbili.

Sasa tufike kwenye mahali pa kuiweka, jambo ambalo kwa maoni yangu ndilo linaloamua kama kazi ya fundi ni nzuri au mbaya. Kijiko kina sehemu tatu zinazoshawishi. Makali ya chini yanashawishi kwa sababu ni chuma kinene, lakini ndiyo mahali pabaya kuliko pote. Chuma chake ni kigumu, chenye kaboni nyingi au kilichopitishwa motoni, na kikichomelewa bila kupashwa joto kwanza huacha ukanda mkavu kando ya mshono unaopasuka kimyakimya. Kulabu iliyo hapo huzuia kuchota, husagwa na kokoto, na iko mbali kabisa na pini zinazokishika kijiko. Mgongo wa kijiko nao ni bamba pana, jembamba katikati. Ukivutwa kutoka nje huvimba kama bati. Mahali pake ni mdomo wa juu, ule ukingo uliokunjwa au kuimarishwa kwa bomba au chuma cha pembe, unaopita kutoka ubavu hadi ubavu.

Lakini mdomo wa juu hauko mahali pamoja. Kijiko kikiwa kimelala sawa, mdomo huo uko karibu juu ya pini zenyewe, na mnyororo ukishushwa kutoka hapo utaingia ndani ya kijiko na kusugua makali. Dereva anapokiinamisha kijiko kana kwamba anamwaga, mdomo wa juu unakuja mbele, makali yanarudi chini na nyuma, na mnyororo unaning'inia huru. Huo ndio mkao wa kunyanyulia, na una matokeo mawili ambayo mafundi wengi hawayafikirii kwa sababu trekta liliingia karakana kijiko kikiwa chini, kimelala.

La kwanza ni mwelekeo wa mdomo wa kulabu. Kulabu iliyotazama vizuri wakati kijiko kimelala inaweza kutazama ardhi kijiko kikiinamishwa, na pete ikatoka yenyewe. Kwa hiyo kijiko kiwekwe kwanza kwenye mkao wa kazi, kiegemezwe juu ya magogo imara injini ikiwa imezimwa, kisha kulabu ipimwe na kuwekewa alama. La pili ni umbali. Kwenye mkao huo kulabu imeshasogea mbele ya pini kwa karibu urefu wa mgongo wa kijiko, nusu mita au zaidi. Vitabu vya vipakiaji kwa kawaida hutoa namba za uwezo kwenye pini na namba ndogo zaidi kwa mbele ya pini. Ile kubwa ndiyo inayotiwa kwenye tangazo. Ile ndogo ndiyo yako, na huzidi kupungua kadiri mikono inavyopanda. Jambo lingine linatokana na hilo: kila dereva anapogusa wenzo wa kuinamisha kijiko, mzigo hausogei juu na chini tu, unakwenda pia mbele na nyuma. Mzigo ukishatoka ardhini, wenzo huo uachwe.

Je, kuchomelea au kufunga kwa bolti? Mafundi wetu wengi watachagua kuchomelea, na ikifanywa ipasavyo haina kosa. Ipasavyo maana yake ni kutafuta kulabu iliyotengenezwa kuchomelewa, kwa sababu kulabu ya kawaida ya mnyororo wa daraja la 80 imepata nguvu yake kwa kupitishwa motoni kiwandani, na moto wa karakana huiondoa. Mdomo wa kijiko ukiwa bamba la milimita 5 au 6, kulabu isikae juu yake moja kwa moja. Litangulie bamba la milimita 10 au 12, pana kuzidi kitako cha kulabu kwa kiganja kila upande, pembe zake zikiwa za mviringo, ili mvuto usambae. Vijiti vya 6013 vinavyochomelea mageti na madirisha viwekwe kando. Hapa inafaa 7018, ambavyo havivumilii unyevu. Pakiti iliyofunguliwa wiki kadhaa katika hewa ya Tanga au Mombasa imeshanyonya maji, na maji hayo hugeuka haidrojeni ndani ya mshono, na nyufa zinafuata baadaye, wakati fundi ameshasahau kazi. Vijiti hivyo vikaushwe kwenye oveni yake kabla ya kutumika. Waya wa ardhi wa mashine ubanwe kwenye kijiko chenyewe, karibu na mshono. Ukibanwa kwenye trekta, umeme utapita kwenye pini na silinda na kuzichimba. Betri nayo ifunguliwe.

Binafsi naona bolti ni bora. Kulabu yenye kitako kipana, bolti za daraja la 8.8 au 10.9, na bamba la kupokea upande wa chini wa mdomo, humpa mwenye trekta kitu ambacho mshono hauwezi kumpa: anaweza kukifungua, akaangalia mashimo kama yamerefuka, akabadilisha kilichopinda. Mshono uliopakwa rangi mpya huficha ufa, ilhali bolti iliyolegea huonekana hata na utingo. Tena kijiko hakibadiliki kuwa kitu kingine. Msimu wa kuchota ukirudi, kulabu zinatoka.

Kuhusu aina ya kulabu kuna mjadala usioisha, nami nitaumaliza upesi. Kulabu ya mdomo mwembamba hukaba pete moja na kuruhusu kufupisha mnyororo popote, lakini haina kilimi cha kufungia. Mzigo ukigusa ardhi na mnyororo ukalegea, pete inaweza kutoka. Kulabu ya mdomo mpana yenye kilimi cha springi haitoi pete kirahisi. Kwa kunyanyua, chagua yenye kilimi, na kazi ya kufupisha mnyororo ifanywe na kulabu nyingine ndani ya mnyororo wenyewe.

Tushuke sasa kwenye mikono na mafuta. Mfumo wa haidroliki wa trekta una vali ya kuachia shinikizo, na watu huiona kama mlinzi: mzigo ukizidi, kijiko hakipandi, basi trekta liko salama. Vali hiyo hulinda pampu na mabomba. Hupima juhudi ya kunyanyua pale mzigo unapotoka ardhini, kwenye uwanja tambarare, trekta likiwa limesimama. Haijui kwamba dakika moja baadaye trekta litaingia kwenye mtaro, wala kwamba mzigo utaruka. Uzito unaoachiwa ghafla kwenye mnyororo, hata bila kuanguka, huvuta kwa nguvu mara mbili ya uzito wake. Ukianguka sentimita kadhaa kabla mnyororo haujakaza, huvuta zaidi ya hapo. Jambo jingine: mashine za kuchimba zinazoruhusiwa Ulaya kunyanyua mizigo kuanzia tani moja hutakiwa kuwa na vali zinazofunga mafuta ndani ya silinda bomba likipasuka, pamoja na king'ora cha mzigo kuzidi. Vipakiaji vya matrekta ya shambani kwa kawaida havina chochote cha hayo. Bomba moja la mpira lililopigwa na jua miaka mingi ndilo linalomtenganisha mtu aliye chini na mzigo ulio juu. Kwa sababu hiyo peke yake, hakuna anayepita chini ya kijiko wala chini ya mzigo, hata kwa nukta, hata kwa kuokota spana.

Na sasa mizani, ambayo ndiyo inayoua. Trekta la kilimo halikuundwa kubeba kwa pua. Mfumo wa pointi tatu wa kufungia zana nyuma ya trekta, wa mvumbuzi Harry Ferguson, ulioenea duniani hasa baada ya trekta la Ford 9N la mwaka 1939, ulijengwa juu ya wazo la kuyakandamiza magurudumu makubwa ya nyuma ili yashike udongo. Ekseli ya mbele iliachwa nyepesi, kazi yake kuu kukata kona. Kipakiaji kinageuza mpango huo juu chini.

Chukua trekta lenye umbali wa mita 2.1 kati ya ekseli mbili. Mzigo wa kilo 600 uning'inie mita 1.5 mbele ya ekseli ya mbele. Ekseli hiyo haiongezewi kilo 600, inaongezewa takriban 1,030. Zile 430 za ziada zimetoka nyuma, kwa sababu trekta limekuwa wenzo na ekseli ya mbele ndiyo egemeo. Magurudumu ya nyuma yamepoteza kilo 430, na kwenye matrekta mengi tuliyo nayo breki ziko hukohuko nyuma. Dereva anateremka mlima na mzigo mbele, anakanyaga breki, magurudumu yanaacha kuzunguka lakini hayana uzito wa kushika ardhi. Trekta linateleza, na mzigo unaendelea na safari yake.

Mchukuzi wa maji wa mzega hahitaji kufundishwa tiba yake: ndoo ya mbele inataka ndoo ya nyuma. Tofali la zege la kilo 400 likifungwa kwenye pointi tatu, kitovu chake kikiwa mita moja nyuma ya ekseli ya nyuma, linairudishia ekseli hiyo karibu kilo 590 na kuipunguzia ya mbele kama 190. Linafanya kazi mbili kwa pamoja, na ndiyo maana ninalipendelea kuliko maji ya kwenye matairi, ambayo huongeza uzito nyuma lakini hayaipunguzii ekseli ya mbele hata kilo moja. Anayelipia kulabu bila kulipia uzito wa nyuma ameacha nusu ya kazi, na nusu aliyoiacha ndiyo ya muhimu.

Kupinduka kwa ubavu kunaeleweka na wachache zaidi. Ekseli ya mbele ya trekta hucheza juu ya pini moja katikati, ili magurudumu yafuate mabonde ya shamba. Maana yake ni kwamba mpaka ekseli igonge kizuizi chake, trekta halisimami juu ya magurudumu manne. Linasimama juu ya pembetatu: magurudumu mawili ya nyuma na ile pini ya mbele. Pembetatu hiyo ni pana nyuma na nyembamba kabisa mbele, na mbele ndiko tulikoning'iniza mzigo. Gurudumu moja la nyuma likiingia kwenye shimo la sentimita 15, na upana kati ya magurudumu ukiwa mita 1.5, trekta limelala kwa asilimia 10. Kulabu iliyo mita 3 juu imeshasogea sentimita 30 upande wa bonde, na mzigo umeifuata. Mzigo uleule ukiwa nusu mita kutoka ardhini ungesogea kidogo tu. Ndiyo sababu waendeshaji wazoefu hunyanyua kiasi cha kuvuka kikwazo, kisha hushusha mara moja kabla ya kuondoka. Kama kazi inataka urefu, trekta liletwe likiwa tupu hadi mahali penyewe, linyanyue likiwa limesimama, na mzigo usogezwe na gari lingine chini yake. Sweden ilianza kudai fremu ya kumlinda dereva kwenye matrekta mapya mwaka 1959. Miaka mingi imepita, na bado mashambani kwetu yapo matrekta yanayofanya kazi bila fremu wala mkanda. Trekta la namna hiyo, kwa maoni yangu, halistahili kulabu.

Halafu mzigo unaoning'inia una tabia ambayo mchanga ndani ya kijiko hauna: unabembea. Kwenye mnyororo wa mita 2, mzigo huenda na kurudi kwa karibu sekunde 3, uwe wa kilo 50 au 500. Trekta linalopita kwenye matuta kwa mwendo unaolingana na mdundo huo litaukuza mbembeo kila tuta. Ukifikia nyuzi 20, mzigo unaivuta kulabu kwa mlalo kwa karibu theluthi ya uzito wake, mara mbele, mara ubavuni. Dawa ni mnyororo mfupi iwezekanavyo, mwendo wa mtu anayetembea, na kamba ndefu ya kuongozea inayoshikwa na mtu aliyesimama kando, mbali, anayeonekana na dereva muda wote. Kuushika mzigo kwa mikono ni kujiweka kati yake na kijiko.

Kulabu zikishakuwepo, kishawishi kingine huja chenyewe: kung'oa visiki na kuvuta magari yaliyokwama. Minyororo na matrekta vina historia ndefu ya namna hiyo nchini Tanzania. Kwenye mradi wa karanga wa Waingereza, kati ya mwaka 1947 na 1951, vichaka vililazwa kwa mnyororo mzito uliofungwa kati ya mashine mbili zilizokwenda sambamba. Lakini hapo mnyororo ulifungwa nyuma na chini, kwenye chuma kilichoundwa kuvuta. Kijiko kiko mbele, juu, mwishoni mwa mikono mirefu. Trekta likirudi nyuma kwa nguvu, nguvu ile haipiti kwenye vali ya haidroliki kabisa. Inatoka kwenye magurudumu, inapita kwenye mikono, na mikono inapinda. Kisiki kikitoka ghafla, kijiko kinarushwa kuelekea kwa dereva. Kuvuta kufanyike kwenye kiungo cha nyuma, chini ya usawa wa ekseli, na kulabu za kijiko zisihusike.

Sheria za usalama na afya mahali pa kazi, ya Tanzania ya mwaka 2003 na ya Kenya ya mwaka 2007, hazikusahau vifaa vya kunyanyulia. Uingereza ina kanuni zake za mwaka 1998 zinazotaka minyororo na vifaa vya kufungia mzigo vikaguliwe na mtu mwenye ujuzi kila miezi 6. Shamba la familia huenda lisimwone mkaguzi hata siku moja, lakini kipimo hicho cha miezi 6 kinafaa kuazimwa: kufuta matope, kusugua rangi kwenye mshono kwa brashi ya waya, kutazama kwa tochi, kupima pete na mdomo wa kulabu kwa rula. Mdomo uliopanuka maana yake mzigo ulishazidi, na kilichoipanua kulabu kimeigusa pia mikono na pini.

Zipo kazi ambazo kulabu haifai kupewa hata kama inaweza. Kushusha injini ndani ya gari ni kazi ya milimita, na wenzo wa kipakiaji hutoa sentimita. Miguu mitatu ya mabomba na cheni bloku, vifaa vinavyopatikana katika gereji nyingi za kwetu, hufanya kazi hiyo kwa usahihi na bila injini kuwaka. Kwa mizigo ya mara kwa mara, kama mifuko ya mbolea, fremu ya uma inayofungwa mahali pa kijiko ni bora, maana inamwezesha dereva kuona mbele na mzigo ukakaa karibu na pini. Na kumpandisha mtu kwenye kijiko akate matawi au afunge taa si kazi ya kipakiaji, iwe kuna kulabu au hakuna.

Kwa anayeendelea na mpango wake, jaribio lifanyike kwa vitu vinavyojulikana uzito. Pipa la lita 200 likijaa maji lina takriban kilo 220. Mfuko wa saruji una kilo 50. Gogo bichi la mkaratusi lenye kipenyo cha sentimita 40 na urefu wa mita 4 linakaribia kilo 500, na hapo ndipo makadirio ya macho hudanganya zaidi. Anza na namba ya kitabu cha kipakiaji, ile ya mbele ya pini, kwenye urefu wa juu kabisa. Ondoa uzito wa mnyororo na wa bamba zilizoongezwa. Kisha nenda penye mizani ya malori, uweke magurudumu ya nyuma peke yake juu yake, yapimwe trekta likiwa tupu na likiwa na mzigo sentimita chache juu ya ardhi, huku uzito wa nyuma ukiwa umefungwa. Kama ekseli ya nyuma imepoteza sehemu kubwa ya uzito wake, punguza mzigo au ongeza zege, upime tena. Namba itakayobaki huenda ikawa kilo 500 kwa trekta ambalo tangazo lake linasema 1,200. Iandikwe kwa rangi nyeupe kwenye mgongo wa kijiko, upande unaomtazama dereva, kwa herufi kubwa, kwa sababu kesho usukani unaweza kuwa na kijana mwingine ambaye hakuwepo siku ya kupima.